Niliyojifunza nilipotafuta mtungi wangu wa kuzamia

Kwa miaka nilizamia kwa mitungi ya kukodi bila kuuliza ni ya namna gani. Unafika botini, mtungi umeshajazwa, unafunga regyuleta, kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi, unatazama geji ya presha, unashuka. Haja ya kuwa na wangu ilikuja nilipojiunga na marafiki hapa Dar es Salaam wanaochangia boti wikiendi kwenda visiwa vya Mbudya na Bongoyo, na mara mojamoja kusafiri hadi Mafia. Mafuta tunachangia, chakula tunachangia, lakini kila mtu anakuja na mtungi wake. Nilipoanza kuulizia ninunue upi, jibu lilikuwa moja: chukua mkubwa. Karibu wote waliolitoa ni wanaume wenye kilo 85 na kuendelea. Mimi nina kilo 54.

Niseme jambo moja mapema, maana lingeweza kumwokolea mtu pesa. Kama unazamia mara chache kwa mwaka, tena kupitia vituo vya kuzamia, usinunue mtungi. Kwa kawaida mtungi na risasi, vile vipande vya uzito vya kukusaidia kuzama, vimo ndani ya bei ya safari. Pesa hiyo iende kwenye maski inayokukaa vizuri usoni, halafu kwenye regyuleta. Mtungi ukishaununua unakudai kila wakati: kujazwa, kuoshwa, kubebwa ngazini, kukaguliwa, kupimwa. Ununue pale tu ambapo bila mtungi wako huendi majini.

Kilichonisaidia kwanza ni kujua navuta hewa kiasi gani. Hili hulijui kwa kukisia. Nilishuka na mwenzangu hadi mita 10 mahali pasipo na mkondo, tukaogelea kwa mwendo wetu wa kawaida kwa dakika 10, kila mmoja akaandika geji ilivyosoma mwanzo na mwisho. Mimi nilitumia karibu bar 25, bar ikiwa ni kipimo cha presha, yeye karibu bar 40, wote tukiwa na mitungi ileile ya alumini yenye ujazo wa lita 11.1. Hesabu yake ni nyepesi: bar ulizotumia zidisha kwa lita za mtungi, gawa kwa dakika, kisha gawa kwa 2, kwa sababu mita 10 chini presha ni mara mbili ya juu. Mimi nilipata kama lita 14 kwa dakika, mwenzangu 22.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Mita 18 chini presha ni mara 2.8 ya juu, kwa hiyo mimi nakula lita 39 kwa dakika na mwenzangu zaidi ya 61. Mtungi wa alumini ukianza na bar 200 na tukaacha 50 ya akiba, zinabaki lita 1,665 za kutumia. Kwangu ni dakika 42, kwake 27. Na hapo jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, linaruhusu dakika 56 kwenye kina hicho kabla ya kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda. Kwa hiyo mwenye haja ya mtungi mkubwa alikuwa yeye. Mimi ningenunua wa lita 15, ningekuwa nabeba kilo za chuma na hewa ambayo sitaitumia, kwa sababu tunashuka wawili na tunapanda wawili, na anayemaliza kwanza ndiye anayeamua.

Lakini lita si jambo la kwanza. Namna mtungi unavyokaa mgongoni ukiwa umebaki bar 50 ndiyo iliyonisumbua kwa muda mrefu, na ndiyo iliyoamua ninunue nini.

Mitungi mingi utakayokodi pwani yetu ni ile ya alumini inayoitwa AL80. Hiyo 80 ni futi za ujazo, ingawa kwa kweli inabeba 77 na kitu ikijazwa bar 207. Hewa ina uzito wake: iliyomo ndani ya mtungi huo uliojaa inafika karibu kilo 2.7. Ukianza kuzamia mtungi unazama kidogo, kama nusu kilo hivi. Kadiri unavyovuta hewa unazidi kuwa mwepesi, na ukiisha kabisa unaelea kwa kilo moja na nusu hadi mbili. Ukibaki na bar 50 umeshaanza kukuvuta juu.

Mtu mzito hili halimsumbui sana. Mimi lilinisumbua. Nikifika mita 5 kwa kituo cha usalama, yaani kusimama kidogo kabla ya kutoka majini, kitako cha mtungi kinaanza kuinuka, kichwa kinaelekea chini, jaketi la kujaza hewa linapanda mabegani, na mkanda wa kiunoni unateleza mpaka mbavuni. Nimesimama dakika tatu hivyo mara nyingi, mkono mmoja kwenye kamba ya nanga, mkondo wa bamvua ukinivuta pembeni, nikipambana na mwili wangu mwenyewe wakati ambapo ningepaswa kutulia. Niliambiwa niongeze risasi. Nikaongeza hadi kilo 6, nikiwa na wetisuti, nguo ya mpira ya kuzamia, ya milimita 3 tu. Kwenye kituo cha usalama nikatulia kidogo, lakini mwanzo wa mzamo nikawa mzito kupita kiasi, najaza jaketi, nalitoa hewa, najaza tena, na kila kujaza kunakula hewa ileile ninayotaka kuipumua. Nilikuwa natoka majini nimechoka, na nilianza kuamini kuwa kuzamia hakunifai.

Mtungi wa chuma hufanya kinyume. Ukuta wake ni mwembamba kwa sababu chuma kina nguvu zaidi, kwa hiyo kwa ujazo uleule unachukua nafasi ndogo majini. Ukiisha hewa bado unazama, kwa kama kilo moja ukiwa na valvu yake. Mwenzetu mmoja aliniazima wake wa lita 10 kwa mzamo mmoja upande wa Bongoyo. Nilitoa kilo 3 za risasi palepale. Nilipofika mita 5 na bar 60, nilikaa nimelala sawa, mikono nimeikunja kifuani, sikugusa kamba. Nilipanda botini nimefurahi mpaka wenzangu wakauliza nimeona nini huko chini.

Hata hivyo chuma si dawa ya kila mtu, na hapa watu wengi wanapotosha wenzao. Tunaye kijana mrefu, mwembamba, anayezamia kwa fulana na kaptula wakati wa kaskazi maji yakiwa ya moto. Kwenye alumini anafunga risasi kilo 2. Akivaa mtungi wa chuma wa lita 12, hana hata kilo moja ya kufunga mkandani, na bado ni mzito mwanzo wa mzamo. Maana yake jaketi lake likipasuka hana risasi ya kuitupa ili apande. Uzito wote uko mgongoni, umefungwa na hewa anayoipumua. Yeye alinunua alumini, na alichagua sawasawa. Pima hivi: ukiwa na mtungi uliojaa, je, kuna uzito unaoweza kuudondosha ukaogelea hadi juu bila msaada wa jaketi? Kama hakuna, mtungi huo ni mzito mno kwako kwa nguo unazovaa.

Basi nikaanza kutafuta chuma cha lita 10, na hapo nikakutana na soko la mitumba.

Tangazo la kwanza lilikuwa la mgeni aliyekuwa anahama nchi. Bei nzuri, mitungi miwili ya alumini, na jaketi juu yake. Nilijua ninataka chuma, lakini bei ilinivuta. Niliomba kwanza niupeleke mmoja kwa mzee anayetujazia hewa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Weka hapo kivulini."

Akachukua kitambaa chenye maji, akafuta chumvi kwenye bega la mtungi, akapitisha kidole gumba juu ya namba zilizogongwa, akainama kuzisoma.

"Huu siujazi."

"Kwa nini mzee? Mbona uko safi?"

"Soma mwaka wake."

Ulikuwa wa 1984. Nikamwomba anieleze, akanieleza kwa utulivu. Mitungi ya alumini ya miaka ile, hasa iliyotengenezwa Marekani kabla ya 1988, mingi ilitumia aloi, yaani mchanganyiko wa metali, iitwayo 6351. Aloi hiyo ikikaa na presha miaka mingi inaweza kufanya nyufa shingoni, pale valvu inapoingilia, na ipo iliyopasuka wakati wa kujazwa. Baadaye watengenezaji walihamia aloi ya 6061, ambayo haina tatizo hilo. Kwa nje huwezi kuitofautisha. Anayesimama karibu na mtungi unapojazwa ni yeye, si mimi wala muuzaji, kwa hiyo sikuwa na la kubishana.

Siku hiyo alinifundisha kusoma bega la mtungi, na nakushauri usitoe hata shilingi kabla hujalisoma. Kwenye mingi kuna ujazo kwa lita, kuna uzito mtupu, kuna presha ya kazi, kuna presha ya kupimia, na kuna tarehe. Kwenye mtungi wa chuma wa Ulaya wa bar 232 utakuta presha ya kupimia ni bar 348. Kwenye wa alumini wa Marekani utakuta maandishi 3AL yakifuatwa na 3000, yaani paundi kwa inchi ya mraba, sawa na bar 207. Tarehe ya kwanza ni ya kutengenezwa, zinazofuata ni za kupimwa. Desturi ya nchi nyingi ni kupima kwa presha ya maji kila baada ya miaka 5, na kukagua ndani kwa macho kila mwaka au miaka miwili na nusu, kutegemea kanuni za huko. Kama tarehe ya mwisho ni ya miaka 12 iliyopita, usihesabu bei ya mtungi peke yake. Hesabu na bei ya kipimo, na uwezekano kwamba utafeli ukabaki na chuma chakavu.

Jambo la thredi, ile mikato ya kuzungushia valvu shingoni, ndilo lililonitisha kuliko yote. Shingo za mitungi hazifanani. Ya Ulaya ya siku hizi ni ya kipimo kiitwacho M25x2, ya Marekani ni ya kile kiitwacho robo tatu ya inchi. Valvu ya M25 inaingia kwenye shingo ya robo tatu, inazunguka, na kwa asiyejua inaonekana imekaza. Presha ikipanda inang'oka. Watu wamekufa kwa kosa hili. Kwa hiyo mtungi wa mtumba uliobadilishwa valvu na mtu usiyemjua unatakiwa ufunguliwe na fundi anayesoma alama zote mbili, ya shingo na ya valvu, kabla haujajazwa.

Tangazo la pili lilimnasa mwenzetu. Chuma cha lita 12, rangi mpya ya njano inayong'aa, muuzaji anasema kimetumika kidogo. Alilipa, akakileta. Tulipoachia hewa iliyobaki, tukafungua valvu na kukiinamisha, yakatoka maji ya rangi ya chai na chenga za kutu. Tulipomulika ndani kwa tochi ndogo tuliona vishimo vya kutu kwenye kitako, kila kimoja kimekula chuma. Muuzaji hakupokea simu tena. Iliniuma sana, kwa sababu mwenzetu huyo alikuwa amekusanya pesa ile kidogokidogo. Kutu haiishii kudhoofisha ukuta tu. Ndani ya mtungi uliofungwa wenye unyevu, kutu inakula oksijeni iliyomo kwenye hewa. Mtungi wa chuma uliokaa miezi mingi bila kutumika unamwagwa hewa yake na kujazwa upya, haupumuliwi tu kwa sababu geji inaonyesha bar 150.

Maji huingia humo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kompresa, mashine ya kujazia hewa, ambayo maji yake hayaachiwi mara kwa mara wakati inafanya kazi, na filta iliyochoka. Ya pili ni kuumaliza mtungi hadi sifuri, ukaacha valvu wazi botini. Mimi nabakiza angalau bar 20 kila mara, hata ninapoosha.

Ndiyo maana, kabla ya kuamua kati ya chuma na alumini, nenda ukamwone mtu atakayekujazia. Uliza kompresa yake inafika bar ngapi, kwa sababu mtungi wa 232 unaojazwa 200 umepoteza sehemu ya faida uliyoilipia. Tazama mdomo wa kuvutia hewa uko wapi: kama ni kompresa ya petroli na moshi wake unarudi kwenye mdomo huo upepo ukigeuka, ondoka. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, haina harufu, na huko chini kiasi kidogo kuliko cha juu kinatosha kuua. Mzee wetu ameufunga mdomo wake kwenye bomba refu linalopanda juu ya paa, upande wa upepo, na upepo ukibadilika toka kusi kwenda kaskazi naye anahamisha. Hajazi kwa pupa. Mtungi unaojazwa haraka unapata joto, na bar 200 ya moto inaweza kusoma 185 ukishapoa. Anajaza, anaacha upoe, anaongezea.

Hatimaye tuliamua kuagiza mipya, watu wanne kwa pamoja, kupitia Dubai. Kwa bei za nje, alumini mpya inaweza kupatikana kwa dola 200 na kitu, chuma dola 300 hadi 450 kutegemea ukubwa. Kilichotushtua ni kusafirisha na kutoa mzigo bandarini, ambavyo kwa upande wangu vilikaribia nusu ya bei ya mtungi wenyewe, na hapo tulikuwa tumegawana. Mtu anayeagiza mmoja peke yake ajiandae kulipa zaidi. Kuubeba kwa ndege kunawezekana kwa baadhi ya mashirika, lakini uulize kwanza. Mara nyingi wanataka mtungi uwe mtupu na valvu imetolewa, waone ndani.

Nilichukua chuma cha lita 10, bar 232, kipenyo cha milimita 171. Kikiwa kitupu kina kama kilo 12, dhidi ya 14 za ile alumini, na ni kifupi kuliko hiyo, kwa hiyo hakinigongi nyuma ya mapaja nikikaa. Valvu nilichagua ya aina ya 232 yenye kipande cha kati kinachotolewa kwa ufunguo wa pembe sita: kikiwepo unafunga regyuleta ya klampu, inayobana valvu kwa nje, ukikitoa unafunga ya DIN, inayozungushwa ndani ya valvu. Pwani yetu klampu ndiyo nyingi, lakini ukisafiri unakutana na zote mbili. Usinunue valvu ya DIN ya bar 300 ukidhani ni bora zaidi, kwa sababu ni ndefu ndani na haipokei kipande hicho. Nilinunua na oringi za akiba, zile pete ndogo za mpira za kuzuia hewa isivuje, kiganja kizima, na zimeshaokoa safari za wengine kuliko zangu.

Kuna hesabu moja nililazimika kuirudia baada ya kuupata. Bar 50 si kiasi kilekile kwa kila mtungi. Kwenye wa lita 15 ni lita 750, kwenye ile alumini 555, kwenye wangu 500 tu. Nikifikiria mwenzangu ameishiwa hewa mita 18, tunapumua wawili kwenye mtungi mmoja, tena kwa hofu, nikakadiria dakika moja ya kujipanga na mbili za kupanda, napata kama lita 475. Ziada ni kama hakuna. Ukiwa na mtungi mmoja mgongoni, akiba ya mwenzako ndiyo hiyo uliyoibakiza. Kwa hiyo mimi napanda nikiwa na 60. Nikianza na bar 230 nabaki na dakika 43 kwenye mita 18, karibu sawasawa na ile alumini ya kukodi, nikiwa nimepunguza kilo 3 za risasi. Siku ambayo nimejaziwa 200 tu, mzamo wangu ni mfupi na nawaambia wenzangu kabla hatujaruka.

Utunzaji wake ni kazi ya dakika chache lakini haina likizo. Naosha kwa maji matamu siku hiyohiyo, na kiatu cha mpira cha kitako nakivua kila mara, kwa sababu chumvi inakaa humo na kutu ya nje inaanzia hapo. Wavu wa kuzuia mikwaruzo niliutupa kwa sababu hiyohiyo. Garini naulaza na kuufunga, valvu isiangalie watu. Na yeyote mwenye alumini asikubali ipakwe rangi ya kuchomwa kwenye tanuri. Joto kali linaua nguvu ya alumini na hakuna anayeliona kwa macho.

Ukiwa bado hujaamua, azima aina zote mbili kabla ya kulipa, na ukiazima, usipime risasi zako mtungi ukiwa umejaa. Maliza mzamo, rudi kwenye maji ya mita 3 hadi 5 na bar 50, toa hewa yote kwenye jaketi, kisha toa risasi moja moja ukimpa mwenzako azishike, mpaka ufike pale ambapo ukivuta pumzi unapanda kidogo na ukiitoa unashuka. Andika kilo hizo pamoja na nguo ulizovaa siku hiyo, halafu ndipo uulizie bei.